"Vociferous": Mpiga Kelele au Mbeba Sauti?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nina dukuduku moyoni ambalo nimelifuga tangu muhula wa kwanza, na kwa kuwa jarida letu hutoka mara moja tu kwa mwaka, nimeona nisipolitoa sasa litanikaba koo. Wahenga hawakukosea waliposema kuuliza si ujinga. Leo nauliza, na pia nitajaribu kujibu.

Najua kuna watakaosema, "Ala! Jarida ni la Kiswahili na kichwa cha makala ni Kizungu?" Tulieni kwanza. Mgeni akibisha hodi hatumfukuzi kabla ya kumuuliza atokako. Neno hili "vociferous" limebisha hodi shuleni kwetu kwa njia mbaya, nami nataka tulikalishe chini, tuliulize jina la babu yake, halafu ndipo tuamue kama ni rafiki au adui.

Lilikujaje? Lilikuja kwa ripoti fomu. Mwisho wa muhula wa kwanza msichana mmoja wa darasa letu alipewa ripoti yake, na pale chini kwenye nafasi ya maoni ikawa imeandikwa kwamba ni mwerevu lakini ni "vociferous". Masikini, alizunguka darasa zima akiuliza maana. Mmoja akamwambia ni ugonjwa wa koo. Mwingine akasema ni mtu mkali kama simba. Mwishowe alifika nyumbani, mzee wake akaambiwa na jirani kwamba maana yake ni mpiga kelele, na mzee akatoa amri moja tu: mwaka huu wote mdomo ufungwe. Basi umefungwa kweli. Huyu ndiye aliyekuwa akituulizia maswali sisi sote. Tulipofika kwenye hesabu za moli katika Kemia, wengi wetu tulikuwa tumepotea kama kondoo, lakini hakuna aliyeinua mkono. Tulikuwa tumezoea kwamba yeye atauliza. Hakuuliza. Mwalimu akadhani tumeelewa, akafuta ubao, akaendelea mbele. Matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula mliyaona wenyewe pale ubaoni.

Kwa hivyo wenzangu, neno moja limenyamazisha mtu mmoja, na mtu mmoja ameangusha darasa zima. Ndiyo maana nasema jambo hili si mchezo.

Hebu sasa tuanze na kamusi. Kamusi ya Kiingereza inasema "vociferous" ni mtu anayetoa maoni yake kwa sauti kubwa na kwa kusisitiza, haachi mpaka asikike. Hakuna ugonjwa hapo, na hakuna tusi la waziwazi. Lakini kamusi ndogo haitwambii neno limetoka wapi. Ukifungua ile kubwa iliyo maktabani utaona limezaliwa na maneno mawili ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. La kwanza ni "vox", maana yake sauti. La pili ni "ferre", maana yake kubeba. Warumi waliyaunganisha wakapata kitenzi "vociferari", na Waingereza wakalichukua kutoka huko katika karne ya 17. Kwa hivyo tukilifungua neno hili kama tunavyofungua mzigo, ndani yake tunakuta vitu viwili tu: sauti na kubeba. "Vociferous" ni mbeba sauti!

Kama hamniamini kuhusu hilo la kubeba, fungueni madaftari yenu. Katika Jiografia tumefundishwa misitu ya "coniferous". Ni miti inayobeba koni, kama misonobari. Tumefundishwa "aquifer", yaani mwamba ulio chini ya ardhi unaobeba maji, na ndio huo unaotobolewa kila siku Ruiru watu wakichimba visima kwenye maploti yao. Katika Biolojia ya Kidato cha Tatu kuna ile mirija ya "seminiferous" (najua wavulana wa nyuma mmeanza kucheka), nayo ni mirija inayobeba mbegu za uzazi. Mwanafunzi akipata "transfer" kutoka shule ya Thika kwenda ya Ruiru, amebebwa kuvushwa upande wa pili. Na hata Lucifer, ambaye jina lake linatutia hofu, kwa Warumi lilikuwa ni jina la nyota ya asubuhi, maana yake mbeba nuru. Mnaona? Kumbe tumekuwa tukikariri Kilatini miaka mitatu bila kujua. Mtu akijua mzizi mmoja, maneno sita yanakuja yenyewe bila kusumbua kichwa.

Tukija kwa "vox", ukoo wake ni mkubwa kuliko ukoo wa panya. Kuna "voice" yenyewe, ambayo ilipitia Ufaransa kabla ya kufika Uingereza. Kuna "vocabulary", yaani maneno ambayo mtu anayo ya kutamka. Kuna "vocation", yaani mwito, kama ule wa kasisi au mwalimu anayehisi ameitwa kufanya kazi yake. Kuna "provoke", yaani kumwita mtu atoke nje, kama vile wavulana wanavyoitana nyuma ya darasa wapigane. Kuna "revoke", yaani kuita kitu kirudi, kama leseni ya makanga mkorofi. Na kuna "advocate", yaani wakili, ambaye kwa Kilatini ni mtu aliyeitwa aje asimame karibu na mwenye shida. Ukienda Mahakama ya Thika utawaona. Wameitwa.

Lakini tahadhari, si kila kinachong'aa ni dhahabu. Wengi wetu tungeapa kwamba "vote", yaani kura, nayo ni mtoto wa "vox", kwa sababu mtu akipiga kura ametoa sauti. Sivyo. "Vote" limetoka kwa neno lingine la Kilatini, "votum", maana yake nadhiri au ombi la moyoni. Kwa hivyo tusitafute asili ya neno kwa kusikiliza mlio tu. Tutabambikia watu watoto wasio wao.

Sasa turudi nyumbani kwetu kwa Kiswahili. Neno letu "sauti" lilitoka kwa Waarabu, ambao husema "sawt". Ajabu ni kwamba Waarabu wenyewe leo hutumia neno hilo hilo kumaanisha kura. Sisi Waswahili tukachukua sauti kwao, lakini kwa uchaguzi tukachukua neno lao lingine lenye maana ya kupiga bahati nasibu, ndilo "kura". Yaani wapiga kura watatu wakipanga foleni moja, Mwarabu anatoa sauti, Mwingereza anatoa nadhiri, na Mswahili anajaribu bahati yake! Sijui ni nani kati yao anayeujua uchaguzi vizuri zaidi, hilo nawaachia nyinyi.

Wakili naye si wa Kilatini. Ni wa Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Mwingereza anamwona wakili kama aliyeitwa. Mswahili anamwona kama aliyeaminiwa. Mimi naona ukiyaweka pamoja ndipo unapata wakili kamili, kwa sababu mtu anaweza kuitwa na asiaminike.

Hata hivyo "vox" ana mtoto mmoja anayeishi ndani ya Kiswahili, na anakaa humu humu katika vitabu vyetu vya sarufi. Ni "vokali". Wengine husema irabu, wengine vokali, na mwalimu wetu husema tusigombane kwa sababu yote mawili ni sawa. Irabu limetoka kwa Waarabu. Vokali limetoka kwa Kilatini, "vocalis", maana yake yenye sauti. Jirani yake konsonanti naye ni Mlatini, na maana yake ni inayolia pamoja na nyingine. Yaani konsonanti peke yake ni kama mtu aliyefunga midomo, lazima vokali imshike mkono. Na Kiswahili chetu kinapenda vokali kuliko lugha nyingi. Waarabu walituletea "kitab", tukaona imefungwa mdomo, tukaifungua ikawa kitabu. Waingereza wakaleta "bank", tukaifungua ikawa benki. Hii ni lugha ambayo haipendi neno liishe likiwa limefunga mdomo. Iweje basi sisi wanaojifunza lugha hii ndio tufundishwe kuufunga?

Naam, hapa najua kuna mwalimu mmoja atakayeweka kalamu nyekundu na kuandika, "Asili ya neno si maana ya neno." Nakubali, Mwalimu. Ni kweli kabisa. Warumi wenyewe walipotumia "vociferari" hawakuwa wakimsifu mtu. Walimaanisha kupiga ukelele, kupaza sauti. Na aliyeandika kwenye ripoti ile hakuwa akifikiria Warumi, alikuwa akifikiria kelele anazozisikia kutoka kwa darasa letu saa ya preps. Siwezi kusimama hapa na kudai kwamba kwa sababu ndani ya neno kuna sauti na kubeba, basi kila mpiga kelele apewe zawadi siku ya wazazi. Hapana.

Ninalosema ni kwamba asili ya neno imetupatia swali zuri la kuuliza. Ukisikia mtu amepaza sauti, usiulize tu imepanda kiasi gani. Uliza imebeba nini.

Twende kwa steji ya Thika mtupate mfano. Wapiga debe pale wanaanza kabla ya jua kuchomoza. "Ruiru, Ruiru, tao moja!" Sisi wa shule ya kutwa tunawajua kuliko wenzetu wa bweni, maana ndio wanaotupandisha gari asubuhi na ndio wanaotuacha nje siku nauli haitoshi. Zamani debe lilipigwa kweli, bati tupu likigongwa ili watu wageuke. Siku hizi wanagonga ubavu wa matatu. Sauti zao ni kubwa kuliko ya mwanafunzi yeyote wa shule hii. Lakini je, ni kelele? Mpiga debe mmoja anaita gari linaloondoka kweli, anataja nauli ya kweli, na mama aliyebeba gunia la viazi anajua aende wapi. Huyo amebeba kitu. Mwingine, hapo kando yake, anaita gari limejaa na kumbe waliokaa ndani ni vijana wake wa kujazia tu. Huyo ni debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma. Sauti zao ni sawa na steji ni moja, lakini mzigo si mmoja.

Basi mje sasa kwa darasa letu. Mwalimu akitoka, kiranja anachomoa karatasi na kuanza kuandika wapiga kelele. Nani asiyeijua karatasi hiyo? Jina likiandikwa mara moja unafagia, mara mbili unaosha choo, na ukiwa umekosana na kiranja, jina lako linaandikwa hata siku ambayo hukuja shule. Sisemi viranja ni wabaya, kazi yao ni ngumu. Lakini angalieni karatasi yenyewe. Aliyekuwa akieleza mwenzake jinsi ya kutafuta logi ameandikwa. Aliyekuwa akisimulia mechi ya jana ameandikwa. Aliyeomba kalamu ameandikwa. Wote ni wapiga kelele, wote wanafagia. Karatasi hiyo inapima sauti lakini haipimi mzigo. Na kwa sababu adhabu ni moja, yule wa logi ndiye anayenyamaza kwanza, maana yeye ana aibu. Yule wa mechi hana habari, kesho ataendelea. Kwa hivyo karatasi inafukuza sauti na kutuachia kelele.

Kuna kitu kingine kinachofunga midomo, na hiki hakitoki kwa walimu wala viranja. Kinatoka kwetu. Ni kicheko. Thika na Ruiru ni miji ya watu wengi. Katika sensa ya mwaka 2019 Ruiru ilihesabiwa kuwa na watu 490,120 na Thika 251,407. Jumla yake ni 741,527, na hao wametoka kila pembe ya Kenya. Katika darasa letu kuna Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na wengine. Kila mmoja ameingia katika Kiswahili na lafudhi ya kwao. Mtu akisimama kusoma ufahamu na akasema "karamu" badala ya "kalamu", darasa linaangua kicheko mpaka madirisha yatetemeke. Anaketi. Hatasimama tena mpaka Kidato cha Nne.

Sasa nawauliza, wanaocheka wanajua wanacheka nini? Lugha ya Kikuyu haitenganishi L na R kama Kiswahili. Ina sauti moja pale ambapo Kiswahili kina mbili, na huandikwa kwa R. Lakini upande wa vokali, Kiswahili kina tano tu na Kikuyu kina saba. Yaani mtu amekuja na vokali saba, tunamcheka kwa sababu ya konsonanti moja! Mwalimu ametufundisha kwamba L ni kitambaza na R ni kimadende, na zote mbili hutamkiwa kwenye ufizi. Ni majirani wa nyumba moja, ukuta ni mwembamba. Kuteleza hapo si ujinga. Mtu hujifunza kutamka kwa kutamka, na atatamka vipi ikiwa kila akifungua mdomo anafanywa sinema?

Na hapa ndipo ninapouonea mtihani wetu huruma. Kiswahili katika KCSE kina karatasi tatu. Ya insha ina alama 40, ya lugha ina alama 80, na ya fasihi ina alama 80. Jumla ni 200, na hakuna hata alama moja inayotolewa kwa mwanafunzi kufungua mdomo wake akasikika. Tunaulizwa sifa za sauti, tunaandika. Tunaulizwa fasihi simulizi, ambayo jina lake ni la kusimulia, nayo pia tunaandika. Mtu anaweza kupata A ya Kiswahili na hajawahi kusimama mbele ya watu kumi akasema neno. Siwalaumu watahini, pengine ni vigumu kumsikiliza kila mtahiniwa wa Kenya. Lakini kama mtihani hautatupa nafasi ya kusema, basi shule itupe. La sivyo tutamaliza shule tukijua kueleza sauti inatamkiwa wapi mdomoni, bila kujua kuitoa.

Nitasema pia jambo moja kuhusu wasichana, na wavulana mnisamehe. Mvulana akisema kwa nguvu darasani huambiwa atakuwa mbunge. Msichana akisema kwa nguvu huambiwa ana mdomo. Lakini historia ya nchi hii imebebwa na wanawake wenye mdomo. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui katika kaunti yetu hii ya Kiambu, alikamatwa na wakoloni Machi 1922. Tarehe 16 umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Wazee waliokwenda kuzungumza na serikali walirudi wakawaambia watu waende nyumbani. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alikataa. Aliwasuta wanaume mbele ya watu wote kwa woga wao, wanawake wenzake wakapiga vigelegele, umati ukarudi mlangoni mwa polisi. Risasi zilifyatuliwa na yeye akawa miongoni mwa waliouawa. Leo tunamsoma Nyanjiru. Wale waliosema twende nyumbani, majina yao ni wangapi wanaoyajua?

Mwingine ni Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Aliandika barua moja baada ya nyingine kwa ofisi mbalimbali za hapa na za ng'ambo. Alikejeliwa bungeni na kuonyeshwa kwamba mwanamke wa heshima hunyamaza. Hakunyamaza, na jumba halikujengwa. Mpaka leo watu wa Nairobi wana mahali pa kukaa chini ya miti. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nataka muone silaha yake ilikuwa nini. Zilikuwa barua. Sauti si lazima iwe ya koo. Hata kalamu hubeba.

Sasa kuna upande wa pili wa jambo hili, na si haki niuruke. Mwalimu mmoja akiwa na wanafunzi zaidi ya hamsini katika chumba kimoja, kila mmoja akibeba sauti yake kwa wakati mmoja, hakutakuwa na somo, kutakuwa na gulio. Nidhamu ni lazima. Kusikiliza pia ni sehemu ya mazungumzo. Na mwalimu naye ana masikio, anachoka kama sisi. Hayo yote nayakubali.

Lakini walimu wetu, na nyinyi pia mtukubalie hili: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwezi wa Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, moto uliowashwa makusudi katika bweni uliua wavulana 67. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 nchini ziliunguzwa. Anayewasha moto ana hatia yake na simtetei hata kidogo, hakuna lalamiko linalolingana na maisha ya mtu. Ila najiuliza, kabla ya kiberiti, je, kulikuwa na mahali pa kusemea? Sauti isiyo na mbebaji haifi. Inakaa ndani ikioza. Sisi wa kutwa hatuna bweni la kuchoma, lakini tuna mambo yetu tunayoyameza kila siku, na mtu hajui atayatapika wapi.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne, na yote hayahitaji pesa.

Kwanza, karatasi ya kiranja ikunjwe katikati. Upande mmoja aandike waliopiga kelele. Upande wa pili aandike maswali yaliyoulizwa mwalimu akiwa nje na hayakupata jibu. Mwalimu akirudi apewe pande zote mbili. Wa upande wa kwanza wafagie, wa upande wa pili wajibiwe.

Pili, Chama cha Kiswahili kiwe na dakika kumi katika gwaride la Ijumaa. Wanafunzi wawili wasimame, mmoja asome habari, mwingine asimulie hadithi au atoe hoja. Sisi wa kutwa hatuwezi kubaki kwa midahalo ya jioni, giza hutukuta njiani, kwa hivyo asubuhi ndiyo nafasi yetu. Na atakayemcheka msomaji kwa lafudhi yake, zamu ya Ijumaa inayofuata iwe yake.

Tatu, baraza la wanafunzi lipewe kazi yake ya kweli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza hilo nafasi katika bodi ya shule. Huyo ndiye "vociferous" wetu halisi, mbeba sauti. Lakini hawezi kubeba ambacho hakupewa. Kabla hajaenda kikaoni apite madarasani aulize, na akitoka kikaoni apite tena atuambie alijibiwa nini.

Nne, na hili naliomba kwa unyenyekevu mkubwa, walimu wetu mkiandika kwenye ripoti fomu, mwandike kile mwanafunzi alichosema, si ukubwa wa sauti yake tu. Mkiandika "huuliza maswali mazuri lakini angoje zamu yake", mzazi ataelewa, hata jirani ataelewa, na mtoto atajua arekebishe nini na abakishe nini. Neno la Kilatini lililofika nyumbani bila maelezo ni kama dawa iliyotolewa bila kuandikwa vijiko vingapi.

Ruiru imejulikana kwa wakulima wa kahawa kwa sababu ya aina ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985, kahawa inayostahimili ugonjwa. Thika inajulikana kwa mananasi. Hivyo vyote hubebwa kwa malori kila siku kupitia barabara kuu na watu wa mbali wakavionja. Sauti nasi tunazo, za kila lafudhi, na hakuna lori litakalokuja kuzichukua hapa shuleni. Ni sisi wenyewe wa kuzibeba, na ni nyinyi walimu wa kutufungulia geti.

Nawasilisha. Kiswahili kitukuzwe!